Nani Analipia Picha ya Kasongo?

Harusi ikifungwa Kasongo, video yake huanza kusafiri kabla wageni hawajamaliza wali. Inatoka kwenye simu ya mpiga picha kwenda kwa shangazi wa bibi harusi, inaingia kwenye flashi ya kijana mwenye duka la fotokopi anayejaza nyimbo kwenye kadi za memori, inapanda pikipiki ya mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, na siku chache baadaye inatazamwa Kabambare na watu ambao hawakualikwa wala hawamjui bwana harusi. Hakuna kaunta iliyoihesabu. YouTube haikuiona. Mpiga picha alilipwa mara moja, pengine nusu taslimu na nusu kwa ahadi, na safari yote iliyobaki video imeenda bure.

Vijana wenye kamera na kompyuta katika maeneo haya mawili ya kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, wanaliona hilo kila msimu wa sherehe, na ndiyo maana wengi wao wanaota jambo jingine: studio huru inayotengeneza video za wateja kwa mkono mmoja na tamthilia au filamu zake yenyewe kwa mkono wa pili, zote zikirushwa mtandaoni, watazamaji wakiilisha. Safu hii inashikilia kwamba studio hiyo inawezekana Kasongo, ila si kwa mpango huo. Itaishi kwa fedha za wanaoagiza video. Wanaotazama wataipa jina, na jina lina thamani yake, lakini mtandao kwake utakuwa dirisha la duka. Droo ya fedha iko kwingine. Na kazi zake za kubuni zitapatikana tu ikiwa, katika kila kazi ya mteja, studio imejibakizia kitu kilicho chake.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuifanya hata kwenye karatasi. Tangu Januari 2018, chaneli haiingii kwenye mgao wa matangazo ya YouTube mpaka ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au njia yake ya pili iliyokuja baadaye, kutazamwa mara milioni 10 kwa vipande vifupi ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila sehemu ya tamthilia yako ina dakika tatu, na kila mtu anaitazama mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani, utahitaji kutazamwa mara 80,000. Video ya dakika tatu iliyobanwa vizuri ina uzito wa MB 16 hivi. Zidisha. Kabla studio haijagusa senti, watazamaji wake wameshanunua mega zenye uzito wa GB 1,280 kwenye kabini za mtaani. Kampuni ya simu imelipwa kila dakika iliyopita. Studio bado inasubiri barua ya kukubaliwa.

Mlango ukifunguka, ndani hakuna kingi. Tangazo linalotangulia video huuzwa kwa mnada wa kufumba na kufumbua, na bei yake hutegemea anayetazama ni nani na yuko wapi. Wauza magari na bima hugombea macho ya mtu wa Brussels au Toronto mwenye kadi ya benki. Macho ya mtu wa Samba au Salamabila hayana wa kuyagombea, kwa kuwa wanaomuuzia sabuni, chumvi na kitenge hawatangazi kwa Google. Mwenye chaneli huachiwa asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, na fedha hazitumwi mpaka zifike dola 100. Kwa chaneli inayotazamwa na watu wa nyumbani peke yao, dola 100 ni safari ya miezi mingi.

Halafu kuna uraia wa chaneli. Kwenye orodha ya nchi ambako YouTube inagawa mapato, Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwa miaka mingi. Kongo haikuwemo, na watengenezaji wengi wa Kikongo wakazoea kusajili chaneli zao kwa anwani ya ndugu aliye Ubelgiji au Ufaransa. Fedha zikitoka, hutoka kwa jina la ndugu huyo. Kila anayezijua familia zetu anajua mazungumzo yatakayofuata.

Mtazamaji mwenyewe naye si wa kutegemewa kwa sababu mfuko wake umebanwa kutoka pande nyingi. Mwezi wa Septemba 2020 serikali ilianzisha ada ya kusajili simu, ile RAM iliyochukiwa nchi nzima: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye yunite za mtu, mpaka kelele za wananchi zilipoiondoa mwaka 2022. Aliyekuwa na simu ya kutazamia video ndiye aliyekatwa zaidi. Na tusisahau siku zile za baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilipozimwa nchini kwa karibu wiki tatu. Biashara inayotegemea kutazamwa mtandaoni ilifungwa kwa amri, bila notisi na bila fidia.

Watasema hayo ni ya zamani, Starlink imekuja. Ni kweli imekuja: mdhibiti wa mawasiliano aliyeipiga marufuku Machi 2024 aliipa leseni Mei 2025, na sahani zake ni habari njema kwa yeyote anayehangaika kupakia kazi. Video ya dakika kumi iliyotolewa kwa ubora mzuri, megabiti 10 kwa sekunde, ina MB 750. Kwa mtandao wa simu unaopandisha megabiti moja kwa sekunde, hiyo ni saa moja na dakika 40 za kusubiri, kama laini haikatiki, nayo hukatika. Sahani huondoa adha hiyo. Lakini imefunga tundu la upande wa studio tu. Mama anayeuza samaki wa Lualaba bado ananunua mega kidogo kidogo, na akiwa nazo atazitumia kumpigia mwanawe kwa WhatsApp kabla ya kufungua tamthilia ya mtu.

Ukiacha kuwategemea watazamaji, kosa la pili la kawaida ni kuanza na kamera. Kijana anauza pikipiki ili anunue kamera ya 4K, kisha anagundua kwamba kinachomkwamisha ni umeme. Kompyuta ya kuhariri inayokula wati 60 kwa saa nane inahitaji wati-saa 480. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo ya kutumia ni 600 hivi, na hapo hujawasha taa, hujachaji kamera, wala hujamkubalia jirani kuchaji simu. Picha za 4K huongeza mzigo mara kadhaa: diski zinajaa, kompyuta inachemka, jenereta inanguruma, na mwishoni video inabanwa iingie kwenye simu yenye kioo cha inchi tano. Kamera ya kawaida, maikrofoni nzuri ya kubana kwenye kola, paneli na betri ya kutosha. Mpangilio huo wa matumizi una akili zaidi. Watu wa kwetu watavumilia picha yenye chembe. Sauti isiyosikika hawaivumilii.

Sasa twende kwa anayeagiza, maana huko ndiko kuna unono.

Kuagizwa si aibu, wala hakukuanza leo. Filamu za kwanza zilizotengenezwa nchini kwa ajili ya macho ya Wakongo ziliagizwa zote. Miaka ya 1950 Mapadri Weupe, ambao ndio walioendesha misheni za Kasongo pia, walikuwa na kituo chao cha filamu Bukavu kilichoitwa Africa Films. Huko Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Fedha zilitoka kwa misheni na kwa utawala wa Kibelgiji, na mafundisho yalikuwa ya misheni na utawala: uwe msafi, uwe mtiifu, ufunge ndoa kanisani. Miaka ikapita, waliolipa wakaondoka, mafundisho yakasahaulika. Wachekeshaji wawili wakabaki. Hapo pana funzo la kibiashara ambalo wengi hulipita: katika video iliyolipiwa na mtu, kinachodumu ni mhusika, na mwenye mhusika ndiye mwenye mali. Wakati ule mali ilikuwa ya misheni. Waafrika walicheza, hawakumiliki.

Nairobi walilishika funzo hilo kwa njia yao. Mwaka 2010 kampuni ya Well Told Story ilianzisha Shujaaz, kitabu cha katuni kilichopachikwa ndani ya gazeti na kusikika redioni, kikiongozwa na kijana wa kubuni aitwaye DJ Boyie anayerusha matangazo yake kwa siri akiongea Sheng. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wafadhili na mashirika walilipia mambo yao yaingizwe kwenye hadithi, leo kilimo, kesho fedha, kesho kutwa afya ya vijana. Lakini hakuna mteja aliyeondoka na Boyie mfukoni. Mteja alinunua nafasi katika maisha ya mhusika kwa muda. Alipomaliza muda wake, mhusika aliendelea na wasikilizaji wake, na mteja aliyefuata alikuta umati umeshakaa. Huo ndio mtambo wenyewe. Kazi ya kubuni inakusanya watu, kazi ya mteja inalipa gharama, na mkataba unahakikisha ya pili haimezi ya kwanza. Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanza kuonyesha Ubongo Kids kwenye TBC1 mwaka 2014, imefanana nayo kwa kuwa na wahusika wake yenyewe na kwa kutokufa na njia moja: televisheni, redio, simu, popote palipo na mtoto.

Wengine hutaja studio ya Wakaliwood. Hadithi yake inapendwa kwa sababu inaonekana kufuta hesabu zote: Isaac Nabwana, mtaa wa Wakaliga huko Kampala, filamu ya "Who Killed Captain Alex?" iliyogharimu chini ya dola 200 kwa masimulizi yanayorudiwa kila mahali, kionjo chake kikapanda YouTube mwaka 2010 na dunia ikachanganyikiwa kwa kicheko. Kwa hiyo, wanasema, bajeti si kitu, mtandao utakuona. Wanaosema hivyo wameruka nusu ya kisa. Nabwana na watu wake walikuwa wakiuza diski zao kwa mkono, mlango kwa mlango, kabla watu hawajazinakili. Fedha za kwanza zilikuwa za majirani. Wageni walipokuja, hawakuja na mapato ya matangazo, walikuja na michango: mwaka 2015 waliomba dola 160 kwenye Kickstarter wakapata zaidi ya 13,000. Ni mnunuzi wa diski na mchangiaji waliolipa. Mtazamaji wa bure aliwaita.

Je, Kasongo kuna waagizaji? Wapo, na tatizo lao ni kwamba kwa muda mrefu mmoja aliwafunika wengine wote. Mashariki mwa Kongo, studio nyingi zimejengwa juu ya mashirika: video ya chanjo, ya lishe, ya haki za wanawake, ya kukabidhi kisima, kila moja na nembo tatu mwanzoni na hotuba ya mkuu wa mradi katikati. Zililipa vizuri, kwa dola, na kwa wakati. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Mwezi ule ule wa Januari Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, Bukavu ikafuata Februari, na ofisi ambazo zilikuwa zikisaini hundi za majimbo ya jirani zikabaki upande wa pili wa mstari wa vita. Studio iliyokuwa na mteja wa aina moja ilijifunza hesabu ya mteja mmoja.

Mteja mwingine mwenye fedha yuko Kabambare, na ni mgumu kuliko mashirika. Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ya Banro kutoka Kanada ilitangaza mwanzoni mwa 2016 kwamba mgodi wake wa dhahabu umeanza uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji wadogo waliokuwa pale kabla yake walijikuta nje ya uzio, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wakaingia katika ugomvi, wafanyakazi wa mgodi wakatekwa zaidi ya mara moja, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu za usalama. Mgodi wowote katika hali hiyo unahitaji video: shule iliyojengwa, daraja lililotengenezwa, mzee wa kijiji akishukuru. Na studio yoyote ya jirani inahitaji fedha hizo.

Wapo wanaoshauri kukataa kabisa. Safu hii haikubaliani nao. Mtu akijenga daraja, video ya daraja si uongo. Uongo unaanza video hiyo inapovaa sura ya habari, bila kutaja nani amelipa, ikarushwa kwenye chaneli ile ile ambayo wiki iliyopita ilimhoji mchimbaji aliyefukuzwa. Mahali ambapo watu wamekufa kwa ajili ya mashimo, utata wa namna hiyo unaweza kumgharimu mpiga picha zaidi ya sifa. Kwa hiyo kanuni iwe kavu: jina la mlipaji lisomeke tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, na kazi za wateja zikae kwenye ukurasa wao, mbali na kazi za studio. Mteja asiyetaka jina lake lionekane amejieleza mwenyewe. Wanasiasa wa msimu wa uchaguzi waingizwe kwenye kanuni hiyo hiyo, na kwao fedha ziletwe kabla ya kamera kuwashwa, maana aliyeshindwa halipi na aliyeshinda hapokei simu.

Mteja ambaye karibu wote wanamsahau ni mtu wa Maniema aliye mbali. Kwenye mazungumzo ya studio, diaspora hutajwa kama watazamaji: wapo Ubelgiji, wapo Bujumbura, wapo Kigoma kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako maelfu ya majirani zetu wa Fizi walipitia kwenda Marekani na Kanada. Kama watazamaji, thamani yao ni senti za matangazo. Kama waagizaji, mambo yanabadilika kabisa. Mtu wa Arizona anayetuma fedha za kujenga nyumba ya mama yake Kasongo hajui kama bati limefika. Anapokea picha mbili za simu kutoka kwa mdogo wake, zimepigwa kwa pembe ile ile kila mwezi, na tayari ana mashaka. Studio inaweza kumuuzia ripoti ya ujenzi: dakika nne kila mwezi, msingi, ukuta, mifuko ya saruji ikihesabiwa mbele ya kamera, fundi akiulizwa jina na siku. Vivyo hivyo matanga ambayo mwana hakuweza kuyahudhuria, kaburi lililojengewa, hukumu ya wazee juu ya shamba. Analipa kwa dola kupitia ndugu mwenye M-Pesa au kwa Western Union, analipa kabla, na hahitaji wafuasi 1,000 kuruhusiwa kulipa. Kwa hesabu yoyote ile, mteja wa namna hii mmoja kwa mwezi anaizidi chaneli yenye maelfu ya watazamaji wa nyumbani. Ndugu aliyezoea kutuma picha za pembe moja hatafurahi. Hilo studio ijiandae nalo.

Kazi hizo ndizo zitakazolipia hadithi, na hadithi za Kasongo si haba. Hapa napo pana dhana ya kuondoa: kwamba dunia inataka kutoka kwetu vita na dhahabu tu, basi tuwape. Dieudo Hamadi alitengeneza "Examen d'État" mwaka 2014 kwa kuwafuata wanafunzi wa Kisangani wanaohangaika na mtihani wa serikali, ada na walimu wasiolipwa, na filamu hiyo ikazunguka matamasha ya dunia. Hakuna bunduki iliyohitajika. Kasongo ina soko la Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi kandokando ya Lualaba, na wajukuu wa pande zote mbili za bunduki zile bado wanaishi jirani na wanaoana. Ina mji aliouacha Sefu mwana wa Tippu Tip ulipotekwa na jeshi la afisa Mbelgiji Dhanis Aprili 1893, na umesimuliwa hadi leo karibu kila mara na aliyeuteka. Ina jambo dogo ambalo wasomi wa afya ya jamii wanalijua kuliko wenyeji: mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Projet Kasongo uliohoji kama chanjo ya surua inaokoa maisha kweli au inaahirisha kifo cha mtoto dhaifu, na jina la Kasongo likaingia kwenye madarasa ya Ulaya na kubaki humo. Watoto waliohesabiwa katika utafiti ule leo ni watu wa makamo wanaopita sokoni. Kuna filamu hapo, na inahitaji subira na maikrofoni kuliko inavyohitaji ndege isiyo na rubani.

Lugha isiwe kisingizio. Mteja wa ofisi atataka Kifaransa kwa sababu ripoti yake inasomwa Kinshasa au Geneva. Apewe maandishi ya Kifaransa chini ya picha na sauti isiguswe. Kiswahili cha Kasongo, pamoja na Kifaransa kilichomezwa ndani yake, ndicho kinachomfanya mtu wa Kabambare aitume video kwa mwenzake, na ndicho kitakachomliza yule wa Arizona. Kukinyoosha kiwe cha mtangazaji wa Dodoma ni kulipa fedha ili kuwapoteza watu.

Kwenye kusambaza, studio ifanye kazi na njia zilizopo badala ya kuzilalamikia. Kwa miaka mingi WhatsApp ilizuia video zinazozidi MB 16, na mwaka 2022 ikaruhusu faili za hadi GB 2 zikitumwa kama hati, lakini simu na mifuko ya watu imebaki kwenye kipimo cha zamani. Dakika tatu kwa kilobiti 700 kwa sekunde zinaingia ndani ya MB 16. Basi tamthilia ikatwe kwa dakika tatu, jina la studio na namba yake ya kazi viwe ndani ya picha yenyewe ambako hakuna mkasi wa kuviondoa kirahisi, na yule kijana wa duka la fotokopi apewe nakala safi mapema, bure, kabla hajapata mbovu. Atajaza kadi za memori apende asipende. Afadhali ajaze iliyo na tangazo la mlipaji wa mwezi huo. Sauti ya sehemu hiyo hiyo ipelekwe kwa redio ya jamii kama Sauti ya Mkaaji, kwa kubadilishana na dakika za matangazo ambazo studio itawauzia wenye maduka. Mwenye duka la Kasongo hajui maana ya kutazamwa mara 80,000. Anajua wateja walioingia wakitaja utani wa jana redioni, na kwa hao atalipa.

Yanabaki makaratasi, na makaratasi ndiyo yanayowaangusha wengi. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina SOCODA ya kukusanya haki hizo, lakini mbele ya mteja aliyezoea kuondoka na flashi yote, kinachosaidia ni ukurasa mmoja uliosainiwa na pande mbili kabla ya kazi. Uandike kwamba nusu ya malipo inatangulia. Kwamba mteja anapata video iliyokamilika na haki ya kuionyesha popote. Kwamba picha ghafi na wahusika wa kubuni ni mali ya studio. Kwamba marekebisho ni mawili, la tatu lina bei. Sheria ya vyombo vya habari na ile ya mambo ya kidijitali, zote za tarehe 13 Machi 2023, zimeingiza kazi za mtandaoni ndani ya macho ya dola, kwa hiyo studio inayogusa habari za siku isajiliwe ijulikane ni nini, badala ya kusubiri kuulizwa barabarani na mtu mwenye redio ya mkononi.

Picha ghafi ndizo mali iliyopuuzwa kuliko zote. Mradi wa chanjo umelipia siku tano za kupiga picha njia yote ya Kabambare. Ndani ya siku hizo kuna vivuko, masoko, nyimbo za wapiga makasia, nyuso za wazee ambao mwaka kesho hawatakuwepo. Mteja anatumia dakika sita. Zilizobaki hufutwa ili kutoa nafasi kwa harusi ya Jumamosi. Diski moja ya TB 2 inabeba saa mia moja na zaidi za picha zilizorekodiwa kwa megabiti 40 kwa sekunde, na studio yenye bei za maana inaweza kuiingiza diski kwenye ankara ya kila mteja mkubwa kama inavyoingiza mafuta ya pikipiki. Zinunuliwe mbili mbili, kila moja na daftari lake la tarehe, mahali na majina ya waliopigwa picha na waliokubali, na ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Ikae kwa padri, kwa shehe, au kwa ndugu aliye Kindu.